Je, Wajua? Karo ya Udaktari na Miwa ya Soin

Je, wajua kwamba kwa karibu miongo mitatu mwanafunzi wa udaktari na mwanafunzi wa historia, wote wakiwa wameitwa na serikali, walilipa karo ile ile katika vyuo vikuu vya umma vya Kenya? Ilikuwa shilingi 16,000 kwa mwaka. Hesabu ya miaka ya 1990 ilisema kumfundisha mwanafunzi mmoja hugharimu shilingi 120,000 kwa mwaka. Serikali ilitoa 70,000 na familia ikabaki na 50,000: 16,000 za karo na 34,000 za chakula, malazi na vitabu. Asiyekuwa nazo aliomba mkopo, na ule uliobaki mkononi baada ya karo wanafunzi waliuita boom.

Ukiitazama kwa jicho la mzazi wa Sigowet au Kaplelartet, kaunti ya Kericho, hesabu hiyo ilikuwa na baraka yake. Mtoto aliyepata alama za udaktari hakuulizwa kama baba yake ana uwezo wa udaktari. Alama zilitosha. Ila upande wa chuo, mambo yalikuwa magumu. Darasa la historia linahitaji ukumbi, mhadhiri na maktaba. Darasa la udaktari linahitaji maabara, miili ya kujifunzia anatomia, vitendanishi vinavyonunuliwa kwa fedha za kigeni, na daktari bingwa anayesimama kando ya kitanda cha mgonjwa na wanafunzi wachache tu. Kuyapa madarasa yote mawili bei moja kulimaanisha kwamba chuo chenyewe kilibeba tofauti, mwaka baada ya mwaka, huku bei za dunia zikipanda na ile 120,000 ikibaki palepale.

Suala la ughali wa kozi za taaluma ni la zamani kuliko Kenya huru. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipozinduliwa Juni 1963, Julius Nyerere akiwa mkuu wake, nchi tatu ziligawana taaluma: udaktari Makerere, uhandisi na udaktari wa mifugo Nairobi, sheria Dar es Salaam. Kitivo cha sheria kilikuwa kimeshafunguliwa Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi 14 tu, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba. Sababu mojawapo ya mgawanyo huo ilikuwa fedha: kujenga shule tatu za udaktari kungezimaliza hazina changa. Kwa hiyo kijana wa Kericho aliyetaka kuwa daktari alipanda gari la moshi kwenda Kampala. Nairobi ilipata shule yake ya udaktari mwaka 1967, na chuo kile cha pamoja kikavunjwa 1970.

Mkopo nao una umri. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilianzisha mfuko wa kuwakopesha Wakenya waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki. Katika nchi ya Wakipsigis, yaani Kericho na jirani zake, halmashauri ya wenyeji nayo ilikuwa na mkono wake: mwaka 1955 ilimfadhili Taaitta Toweett kwenda Torquay, Uingereza, kusomea utawala wa umma na huduma za jamii. Alirudi, akawa mwanasiasa, akawa waziri wa elimu katika serikali ya Jomo Kenyatta, na mwaka 1977 akatunukiwa shahada ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa utafiti wake wa lugha za Kikalenjin. Natamani kila kamati ya basari ya leo ikumbuke jambo hilo moja: halmashauri ilichagua mtu, ikamlipia kozi aliyohitaji hadi akaimaliza.

Mikopo ya serikali kwa wanafunzi wa humu nchini ilianza 1974. Kabla ya hapo aliyeitwa chuo kikuu alisoma bure. Mwaka 1991 ikaja sera ya kuchangia gharama, na mabwalo ya chuo yakaanza kuuza chakula kwa sahani. Mwaka 1995 Bunge likaunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ile HELB inayojulikana kila kijiji.

Je, wajua ni lini bei halisi ya udaktari ilionekana wazi kwa Mkenya wa kawaida? Ni mwaka 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipofungua mlango wa pili, ule ulioitwa Module II, au kwa lugha ya mitaani, parallel. Makerere ilikuwa imetangulia mapema miaka hiyo ya 1990 kwa kupokea wanaojilipia. Katika mlango huu wa pili kila kozi ilikuwa na bei yake, na udaktari, udaktari wa meno na ufamasia vilikaa juu kabisa. Mwanafunzi aliyekosa nafasi ya serikali kwa pointi chache aliingia darasa lile lile, akakalia benchi lile lile, akafanya mtihani ule ule, lakini akalipa mara nyingi zaidi ya jirani yake. Ng'ombe wengi na ekari nyingi za Bonde la Ufa zilienda huko. Vyuo vilishiba kwa muda, kisha vikaitegemea fedha hiyo. Mwaka 2016 wanafunzi wa serikali walianza kupelekwa hata vyuo vya binafsi, waliojilipia wakapungua, na vyuo vya umma vikabaki na madeni ya mabilioni.

Julai 2021 Nairobi ikatangaza nyongeza kubwa ya karo kwa wanaojilipia na wa uzamili. Wanafunzi wakaandamana. Makerere walikuwa wameshapita njia hiyo Oktoba 2019, kwa sababu ya nyongeza ya asilimia 15 iliyorudiwa mwaka hata mwaka kwa kila kundi jipya.

Kabla ya nyongeza hiyo ya Nairobi kulikuwa na jaribio ambalo wengi hawakulisikia. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliunda Mfuko wa Vyuo Vikuu, na kazi yake moja ikawa kupanga kozi katika makundi kulingana na gharama yake halisi, ili serikali ipeleke fedha zaidi palipo na wanafunzi wa kozi ghali. Udaktari na meno vilikuwa kileleni, masomo ya jamii chini. Wazo lilikuwa zuri, na mzazi hakuguswa. Aliendelea kulipa 16,000 zake. Lililokosekana ni fedha za serikali kufikia kiwango ilichojiwekea yenyewe.

Tarehe 3 Mei 2023 Rais William Ruto akatangaza utaratibu mpya. Hapo ndipo mambo mawili yalipounganishwa kwa mara ya kwanza: bei ya kozi na mfuko wa familia. Karo kamili ya kozi iliandikwa kwenye barua ya mwanafunzi; kwa udaktari katika vyuo kadhaa vya umma ilikuwa shilingi 612,000 kwa mwaka. Kisha mwanafunzi aliwekwa katika kundi, linaloitwa bendi, kulingana na hali ya nyumbani. Bendi ya kwanza ilipata ufadhili wa asilimia 70, mkopo asilimia 25, na familia ililipa 5. Ya pili ilikuwa 60, 30 na 10. Ya tatu 50, 30 na 20. Ya nne 40, 30 na 30. Ya tano 30, 30, na familia asilimia 40.

Chukua kozi ya shilingi 600,000, kwa viwango vya kabla ya karo kushushwa mwaka 2025, ili hesabu iwe nyepesi. Familia ya bendi ya kwanza ingelipa 30,000 kwa mwaka. Ya tano ingelipa 240,000. Tofauti ni shilingi 210,000 kila mwaka, na udaktari ni miaka sita. Katika kozi ya bei ya chini, kuwekwa bendi isiyo yako ni maumivu. Katika udaktari ni mwisho wa safari. Ndiyo maana nasema suala la karo ya kozi za taaluma haliwezi kutenganishwa na suala la nani anapima umaskini na kwa kipimo gani.

Basi twende Soin.

Mgeni hudhani Kericho yote ni majani chai. Akiteremka kutoka mjini kuelekea Sondu au upande wa Muhoroni, chai humwishia njiani, joto likapanda, na mashamba yakageuka kuwa mahindi na miwa. Hiyo ndiyo Soin. Eneobunge la Soin/Sigowet lilimegwa kutoka Belgut na kupiga kura yake ya kwanza mwaka 2013. Lina wadi nne: Sigowet, Kaplelartet, Soliat na Soin. Kwenye ramani ya nchi linahesabiwa ndani ya ukanda wa chai. Kwenye mfuko wa mkulima wa nyanda za chini ni habari nyingine.

Mipaka ya bendi imewekwa kwa mapato ya mwezi. Familia isiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi ni bendi ya kwanza. Hadi 23,670 ni ya pili, hadi 70,000 ya tatu, hadi 120,000 ya nne, na zaidi ya hapo ya tano. Sasa muulize mkulima wa miwa anapata kiasi gani kwa mwezi. Miwa iliyopandwa upya hukaa shambani karibu miezi 18 kabla ya kukatwa. Tuseme ekari moja imetoa tani 30 na kiwanda kimenunua tani kwa shilingi 5,000. Hizo ni 150,000. Mwezi ule fedha zinapoingia, familia hii inaonekana kama ya bendi ya tano. Zigawe kwa miezi 18, inakuwa shilingi 8,333 kwa mwezi, bendi ya pili. Toa kulima, mbegu, mbolea, kukata na kusafirisha, tuseme nusu ya fedha yote: zinabaki 4,167 kwa mwezi, na familia ile ile, shamba lile lile, miwa ile ile, iko bendi ya kwanza. Bei na tani nilizotumia ni za mfano, lakini miezi 18 si ya mfano. Ni maisha ya mkulima.

Hapa ndipo mtoto wa Soliat anapoweza kupotea. Fomu ya kuomba ufadhili inamuuliza mapato ya mzazi, naye anajaza usiku kwenye simu, mara nyingi peke yake, akiwa na miaka 18. Akiandika kile alichosikia baba akisema siku ya malipo ya miwa, amejipandisha bila kujua. Kipimo cha bendi huangalia pia idadi ya watoto nyumbani, elimu na hali ya wazazi, ulemavu, kama eneo limetengwa kimaendeleo, na aina ya kozi. Hayo ni mazuri. Lakini msimu haumo, na kwa mkulima msimu ndio kila kitu.

Kule juu kwenye chai mambo ni tofauti kidogo. Mkulima mdogo anayepeleka majani kiwanda cha KTDA, shirika la viwanda vya chai vya wakulima wadogo, kiwe Momul, Litein au Kapkoros, hulipwa kila mwezi kwa kilo, na mara moja kwa mwaka hupata bonasi. Ana karatasi ya malipo yenye jina lake. Umaskini wake unaweza kusomeka. Na ni umaskini kweli: mwaka 2025 wakulima wa Kericho na Bomet walipoona bonasi yao ilivyo ndogo kando ya ile ya wenzao wa Mlima Kenya, walikasirika na kuandamana. Tuseme kilo ya majani mabichi inalipwa 25. Ile sehemu ya familia ya bendi ya kwanza, shilingi 30,000, ni kilo 1,200, kabla ya kumlipa mchumaji na kununua mbolea. Ya bendi ya tano ni kilo 9,600.

Kuhusu vyuo vyenyewe, wenyeji wa huku hawako mbali na elimu ya juu. Chuo Kikuu cha Kabianga kilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2009 na kupata hati yake Machi 2013. Chuo cha Bomet kiliundwa 2017, nacho chini ya Moi. Na pale Bomet kuna Tenwek, hospitali iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1937, iliyompata daktari wake wa kudumu wa kwanza, Ernest Steury, mwaka 1959, na kufungua shule ya uuguzi 1987. Leo Tenwek hufunza hata madaktari wa upasuaji. Wako katika mfumo wa COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa 1999, ambacho hakina ukumbi wa mihadhara: wodi na chumba cha upasuaji ndilo darasa, na anayejifunza anahudumia wagonjwa siku zote anazojifunza. Ukifikiria jinsi gharama ya kozi za taaluma inavyoweza kupunguzwa bila kupunguza ubora, Tenwek ni mahali pa kwenda kutazama.

Je, wajua kwamba karo ya chuo kikuu mara nyingi si karo ya mwisho? Aliyemaliza shahada ya sheria hawezi kusimama mahakamani kama wakili kabla ya kupita Chuo cha Sheria cha Kenya, na hapo ada imekuwa karibu shilingi 190,000. Mwanafunzi wa uuguzi lazima aandikishwe na Baraza la Wauguzi. Daktari hufanya kazi ya mwaka mmoja kama intern, na mwaka 2024 serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya 206,000 zilizokubaliwa 2017. Mgomo wa madaktari ulidumu tangu katikati ya Machi hadi Mei, na suala la intern likatatuliwa mwishoni mwa mwaka. Kwa mwenye deni la HELB jambo hili ni zito. Mwanafunzi wa udaktari wa bendi ya kwanza, katika ule mfano wetu wa 600,000, angekopa 150,000 za karo na 60,000 za matumizi kila mwaka. Kwa miaka sita ni shilingi 1,260,000. Riba ni asilimia 4, na sheria inaruhusu faini ya shilingi 5,000 kila mwezi kwa anayeacha kulipa. Hata mtoto wa familia maskini kabisa huanza kazi na mzigo huo.

Nchi nyingine zimejibu vipi? Uingereza, iliyopandisha karo hadi pauni 9,000 mwaka 2012, haikutenganisha: wa tiba na wa fasihi hutozwa kiwango kimoja cha juu, na serikali huongeza fedha kwa kozi ghali. Australia ilianza 1989 na ada moja kwa wote, ikaigawa katika ngazi tatu 1997, kisha 2021 ikafanya jambo ambalo ningependa tulijadili hapa kwetu: ikaweka bei kwa kutazama nchi inahitaji nani. Uuguzi, ualimu, hisabati na kilimo vikashushwa hadi dola 3,950 za Australia kwa mwaka. Sheria na masomo mengi ya jamii yakawekwa 14,500. Unaweza kukataa uamuzi wao kuhusu masomo ya jamii, na mimi naukataa, lakini swali waliloliuliza ni halali. Kaunti inayotafuta wauguzi na maafisa wa kilimo ina sababu ya kuzifanya kozi hizo kuwa nafuu.

California ina kisa chake. Chuo Kikuu cha California hutoza ada ya ziada kwa shule zake za taaluma, kama sheria na udaktari, tangu miaka ya 1990. Kiliwaahidi waliokwishajiunga kwamba ada hiyo haitapanda hadi wamalize. Bajeti ilipobana kikaipandisha. Mwaka 2003 wanafunzi, wakiongozwa na Mohammad Kashmiri wa shule ya sheria ya Berkeley, wakaenda mahakamani. Mahakama ikasema ahadi ile ilikuwa mkataba, ikawapa dola milioni 33.8, na mwaka 2007 mahakama ya rufani ikaithibitisha hukumu hiyo.

Kwetu pia mambo yalifika mahakamani. Tarehe 20 Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliutangaza utaratibu wa 2023 kuwa kinyume cha katiba, katika kesi iliyoletwa na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, shirika lisilo la serikali, pamoja na wenzake: umma haukushirikishwa ipasavyo, na utaratibu ulibagua. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufani iliisimamisha hukumu hiyo, bendi zikaendelea. Baadaye mwaka huo serikali ikashusha karo, ikisema sehemu ya familia itakuwa kati ya shilingi 5,000 na 75,000 kwa muhula kulingana na kozi na bendi. Ni nafuu kubwa kwa wa udaktari. Bendi bado ndizo zinazoamua.

Basari? Mfuko wa maendeleo ya maeneobunge umekuwepo tangu 2003, na familia nyingi za Soin zimeutegemea. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria yake ni kinyume cha katiba na ikaupa hadi 30 Juni 2026. Hata kabla ya hukumu hiyo, basari zake zilikuwa elfu chache kwa kila mwanafunzi, zikigawanywa kwa wengi. Zilimsaidia wa chuo cha ufundi kuliko wa udaktari.

Jambo moja ambalo wazazi wengi hawalijui: aliyewekwa bendi asiyostahili anaweza kuomba ifikiriwe upya, kupitia tovuti ile ile aliyoombea ufadhili. Kwa familia ya miwa ningeomba mtoto asikae peke yake na simu siku hiyo. Mzazi alete stakabadhi za kiwanda, waziangalie tarehe za kupanda na tarehe ya malipo, wahesabu gharama, wagawe kwa miezi yote ambayo miwa ilikaa shambani, kisha waandike kiasi hicho. Na kwa wanaotunga fomu, nyongeza inayohitajika ni mistari miwili: mapato haya yanatokana na zao gani, na lilikaa shambani miezi mingapi.